Waya wa Kuanikia

Kanzu ya Ijumaa ya Mursal ilirudi ndani ikinuka dawa ya nzige.

Kaaha alikuwa ameifua mwenyewe asubuhi, akaisuuza mpaka maji yakawa safi, akaianika uani kwenye waya mpya. Jua la Galbet, mtaa wao wa Garissa, halicheleweshi nguo. Alipoianua na kuitupa begani, harufu ilimpanda puani: harufu kali ya mafuta na sumu, ile ile iliyokuwa ikimtangulia kaka yake Gelle mlangoni msimu mzima wa nzige. Gelle alikuwa ardhini tangu msimu huo.

"Umefulia nini?" Mursal, mumewe, alirudisha shingo nyuma.

"Sabuni ile ile."

"Basi rudia. Siwezi kusimama safu ya mbele msikitini nikinuka kama ghala."

Akairudia. Ikanuka zaidi.

Nzige walipoyavamia mashamba ya kando ya Tana, ililetwa helikopta ya kunyunyizia dawa, na Gelle akapewa kazi ya kuitangulia. Alitembea shamba kwa shamba akitafuta chochote kilichokatiza hewani. Kila alipokuta waya aliufunga vitambaa vyekundu, kwa sababu waya mwembamba hauonekani kutoka juu; rubani huona mti wa huku na mti wa kule, haoni uzi unaoiunganisha. Kesho yake alfajiri, nzige wakiwa wangali wameganda matawini kwa baridi, alipanda na rubani kumwonyesha njia.

Mursal alikuwa na shamba chini ya Balambala, na juu ya mto hapo alikuwa amevuta waya wa chuma, kutoka mkoma wa ukingo huu hadi mkuyu wa ukingo ule. Chelezo cha mapipa kilichofungwa kamba kwenye waya huo kilimvushia matikiti na ndizi hadi upande wa barabara. Helikopta ilikuja chinichini ikifuata mto, jua likiwachoma usoni waliokuwa ndani. Ikaukata waya, na waya ukaikata helikopta. Ilianguka majini na shehena yake yote ya sumu. Rubani, kijana wa Kitui aliyeitwa Musembi, alifia humo. Gelle naye alifia humo, ubavuni pake.

Waya ulipovutwa kutoka mtoni haukuwa na kitambaa hata kimoja.

Gatwiri, ofisa wa kilimo kutoka Meru aliyepanga nyumba jirani na Kaaha, ndiye aliyekuwa na redio ya mawasiliano siku hiyo. Alisikia sauti ya rubani ikiuliza, "Gelle, vitambaa viko wapi?" Kisha redio ikanyamaza. Gatwiri aliwaambia walioulizia, maana ndicho alichokisikia, na swali hilo lisilo na jibu likamhukumu Gelle. Alilala. Alitafuna miraa akasahau. Alimuua mtoto wa watu. Mursal naye alipoulizwa alisema shemeji yake alipita shambani, akanywa chai, akaenda zake.

Baba yake Kaaha na Gelle, Mzee Hamze, hakuwahi kumwinamishia mtu kichwa. Lakini alisimama mbele ya jamaa wa Musembi, mikono kifuani, akasema, "Nisameheni kwa uzembe wa mwanangu." Kaaha alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wengine, akayasikia maneno hayo yakimtoka baba yake kama jino. Tangu hapo hakwenda sokoni bila kuyalipia. Muuza maziwa alimkabidhi mfuko akisema, huku wenzake wakijiziba midomo, "Ufunge vizuri, abaayo, dada yangu. Usije ukafunga kama kaka yako."

Kaaha aliufunga mfuko, akaenda zake na hasira yake. Hakuwa na wa kumpa hasira hiyo isipokuwa Gelle, na Gelle hakuwepo.

Kipande kilichobaki cha waya Mursal alikileta nyumbani, akakivuta kati ya mwarobaini na ukuta wa choo. "Waya mzuri," alisema. "Hauozi kama kamba zenu."

Siku kadhaa baada ya ile kanzu, Kaaha alikuwa akianua shuka adhuhuri, saa ambayo Galbet hunyamaza, mbuzi wakajibana kwenye vivuli na wafanyabiashara wakafunga milango wakalala. Waya ulikuwa ukiimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya chini, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Alipoushika ukamtetemekea kiganjani, tetemeko likapanda hadi kwenye kiwiko.

"Mursal. Njoo usikie."

Mumewe alichungulia kutoka kivulini, kikoi kimemlegea kiunoni. "Ni upepo."

"Upepo gani? Angalia mwarobaini. Kuna jani linalotikisika?"

Mursal aliutazama mti. Akautazama waya. Halafu akafanya jambo ambalo Kaaha alilikumbuka baadaye: hakuusogelea. Alikohoa, akarudi ndani, akafunga mlango kwa komeo, mchana, katika joto lile.

Aliyebadilika zaidi alikuwa mama yake Mursal, Bi Muslimo. Bibi huyo alikuwa na sanduku la mbao chumbani mwake ambalo hakuna aliyeuliza habari zake, maana kila mama mzee ana lake. Sasa alianza kulikalia. Alikula juu yake, akaswali kando yake, akafukiza ubani chumbani mpaka moshi ukatoka kwa chini ya mlango. Kaaha alipompelekea chai alimkuta amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekalia kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Hooyo, una nini?" alimuuliza kwa Kisomali chao.

"Funga dirisha. Linanyemelea."

"Nini kinanyemelea?"

Bibi alimtazama kwa huruma ambayo Kaaha hakuielewa. "Funga dirisha tu, mwanangu."

Ikaja adhuhuri nyingine. Kaaha alikuwa jikoni akiosha vyombo aliposikia mlio mbali upande wa mto, tu-tu-tu-tu, akadhani ni jenereta ya mtu, lakini ulisogea, ukawa juu ya soko, ukawa juu ya msikiti, ukawa juu ya bati lao lenyewe, na bati likaanza kutetemeka, vikombe vikatembea mezani vyenyewe, na alipochungulia mlangoni aliona vumbi la uani likinyanyuka na kuzunguka duara kubwa, shuka zote zimesimama wima kwenye waya kama zinazovutwa na mkono kutoka juu, ilhali anga ilikuwa tupu, buluu, haina hata kunguru, na majani ya mwarobaini yalikuwa yametulia, kila moja mahali pake. Halafu kimya. Harufu ya dawa ikajaa jikoni, nzito, na ndani yake harufu ya tope la mto. Kutoka chumbani kwa Bi Muslimo mtu akasema kwa Kiswahili:

"Pale mbele! Gelle, vitambaa viko wapi?"

Kaaha alidondosha sahani.

Bi Muslimo aliishi Garissa maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha bei ya nyanya tu. Herufi ya p haikuwahi kukaa kinywani mwake. Pilipili kwake ilikuwa bilibili, na watoto wa jirani walikuwa wakimwomba aseme pikipiki ili wacheke. Lakini ile "pale" ilitoka safi, kavu, ya mwanamume wa bara. Kaaha alipofika chumbani alimkuta bibi ameketi juu ya sanduku, macho yamegeuka meupe, mikono miwili mbele yake imekamata kitu kisichoonekana, akikivuta, akikivuta.

Mursal alimleta Maalim Ugas kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Kwanza alifunga geti kwa kufuli.

"Sitaki watu," alisema. "Ni mama yangu. Sitaki Galbet nzima ijue."

Maalim alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu zilizopakwa hina, sauti yake ndogo kuliko sifa zake. Walimleta Bi Muslimo uani na kumlaza kwenye mkeka chini ya mwarobaini. Maalim akaweka kiganja juu ya paji lake la uso, akaanza kusoma. Akasoma bila haraka. Mwili wa bibi ulikakamaa, kisha ukaanza kutikisika, na ule waya wa nguo juu yao ukaanza kuimba.

"Nani wewe?" Maalim aliuliza.

"Mwenye mto," bibi alisema. Sauti sasa haikuwa yake wala ya rubani. Ilikuwa na maji ndani yake.

"Kwa nini umemwingia mama huyu?"

"Nyumba yangu imemwagiwa sumu. Watoto wangu wamekufa wakiwa na povu mdomoni. Chuma kimelala kitandani mwangu, na damu. Nimekuja kumtafuta aliyenifanyia."

Maalim alimgeukia Kaaha, akasema polepole, "Msiogope. Wafu hawarudi, wako kwa Mola wao. Huyu ni jini wa mtoni tu. Alikuwepo, akasikia, sasa anarudia kama kasuku."

"Basi mtoe," Mursal alisema. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. "Msomee zile aya kali. Mtoe sasa hivi, Maalim, kabla hajasema zaidi."

Maalim akavuta pumzi ili aanze tena. Na hapo bibi akasema, kwa sauti ya Musembi, kwa utulivu wa mtu aliye kazini:

"Gelle, vitambaa viko wapi?"

Kaaha hakuwa akimtazama bibi. Alikuwa akimtazama mumewe. Mtu anayemwogopea mama yake humtazama mama yake. Mursal alikuwa akiutazama mdomo wake tu, kama mtu anayengoja mlango ufunguke, na anamjua aliye nyuma ya mlango.

*Kabla hajasema zaidi.* Zaidi ya nini?

"Maalim," Kaaha alisema. "Ngoja."

"Usizungumze na jini, mwanangu. Ukiliuliza swali umelifungulia mlango."

"Nimesikia. Ngoja tu." Akainama juu ya mkeka. "Wewe uliyekuwepo. Kaka yangu alijibu nini?"

Waya ukanyamaza. Bi Muslimo akatabasamu kwa meno ambayo hayakuwa na desturi ya kuonekana.

"Naa, wewe Kaaha!" Mursal alinong'ona kwa ukali. "Una wazimu? Unataka kumuua mama yangu?"

"Nataka jibu."

"Jibu la shetani?"

"La yeyote! Baba yangu aliinama, Mursal. Uliona akiinama. Ulisimama pale na kanzu yako nyeupe ukatazama."

Akanyoosha mkono, akachomoa funguo kutoka kwenye mkunjo wa kikoi cha mumewe kabla Mursal hajajua. Akalifungua geti, akalisukuma mpaka likagonga ukuta, akasimama katikati ya barabara ya vumbi, mwanamke ambaye majirani walimjua kwa kupita kimya, akapaza sauti.

"Enyi watu wa Galbet! Nyinyi mnaojua sana habari za kaka yangu, njooni msikie! Gatwiri! Amka! Mwiteni baba yangu pale msikitini! Na muuza maziwa, aje na mfuko wake!"

Wakaja. Walitoka kwenye vivuli macho yamevimba kwa usingizi, wanawake wakivuta shungi zao, madereva wa bodaboda, wazee waliokuwa bado na tasbihi mikononi. Mzee Hamze alikuja akiegemea fimbo. Gatwiri alikuja na kandambili zisizofanana. Mara uwanja ukajaa, na hakuna aliyevuka kivuli cha ule waya.

"Uliza tena," Kaaha aliuambia mdomo ulio mkekani.

"Gelle, vitambaa viko wapi?"

Gatwiri alitoa mguno, akajishika kifua. "Mungu wangu. Ni Musembi. Ni vile vile alivyosema."

Kisha kutoka kwa bibi yule yule, ikatoka sauti nyingine, nyepesi, yenye mkwaruzo mdogo wa mtu aliyevuta sigara kwa kificho. Fimbo ya Mzee Hamze ilianguka.

"Nilivifunga jana. Mursal mwenyewe alinishikia waya. Mtu amevi—"

Mursal aliruka. Alimwangukia mama yake na kumziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akamkandamiza kichwa mkekani, akipiga kelele, "Uongo! Uongo wa majini!" Maalim alimvuta bega, hakuweza. Na hapo, juu ya vichwa vyao vyote, juu ya shuka na kanzu na nguo za ndani zilizoanikwa, waya ukalipokea neno pale lilipokatwa, ukalisema kwa koo lake la chuma, kwa sauti iliyoingia katika meno ya kila aliyesimama pale na kutikisa mabati ya nyumba za mbele na za nyuma mpaka punda wa muuza maji akakata kamba na kukimbia:

"—amevifungua! Pandisha! Musembi, pandisha! Pandisha!"

Baada ya hapo kikaja kile kishindo. Hakuna aliyekisimulia baadaye.

Kilipokwisha, Mzee Hamze ndiye aliyesema kwanza. "Maalim. Ushahidi wa jini unakubaliwa?"

"Haukubaliwi," Maalim alisema. Alikuwa ameketi chini vumbini. "Jini husema kweli na uongo kwa ulimi mmoja."

"Sawa." Mzee akamgeukia binti yake. "Basi tafuta kingine."

Kaaha hakuhitaji kufikiri. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe wake, akaburuta sanduku hadi uani, akalivunja bawaba kwa mchi wa kutwangia. Juu kulikuwa na shuka za harusi za zamani. Chini yake, vimekunjwa vizuri na kufukizwa ubani, vitambaa vyekundu.

Mzee Hamze alikiokota kimoja. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, na fundo lake lilikuwa bado limekaza. Alilizungusha vidoleni muda mrefu. Lilikuwa fundo la kumfunga ngamia miguu ya mbele ili asiende mbali malishoni. Halitelezi, wala halifunguki kwa asiyejua ncha ya kuvuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Gelle, nyuma ya kundi la ngamia, huko Ijara. Mzee akavuta ncha. Fundo likafunguka kama kiganja.

"Mwanangu alifunga," alisema. Hakulia. Alirudia tu, akiwatazama mmoja mmoja, na walitazama chini mmoja mmoja. "Mwanangu alifunga."

Bi Muslimo alikuwa amezinduka. Alipoviona vitambaa alijifunika uso. Alieleza kwa sauti yake mwenyewe, ya Kisomali, iliyochoka. Ujanani alikuwa katika ngoma za saar, za kuwaita mizuka, kabla hajatubu. Na vitambaa vyekundu juu ya maji ndivyo vilivyokuwa vikitundikwa kuwaita. Siku ile jioni shambani aliviona vikicheza juu ya mto wa mwanawe. Alidhani kuna adui anayemwitia. Alilia, akamshika Mursal miguu, akamwambia avitoe. Kuvichoma hakuthubutu, maana kitambaa alichofungiwa jini kikichomwa, jini humfuata mchomaji.

"Sikujua, Hamze. Wallahi sikujua ni vya ndege. Hakuna aliyeniambia."

Kaaha alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga magoti, akampangusa povu mdomoni kwa ncha ya ushungi wake. Kisha akainuka.

"Yeye hakujua," alimwambia mumewe. "Wewe ulijua."

Mursal alikuwa ameegemea ukuta wa choo. "Mama alikuwa analia. Ningefanya nini? Nilisema nitaamka mapema nivirudishe kabla ya helikopta."

"Halafu?"

Mursal aliangalia geti lililojaa watu.

"Sema, Mursal. Watu wamekuja kusikia."

"Nikapitiwa na usingizi."

Kaaha alicheka, kicheko kimoja kikavu. "Mmesikia? Alilala. Mlisema kaka yangu alilala. Kumbe kweli kuna aliyelala." Akausogeza uso wake karibu na wa mumewe. "Na siku zote hizi uliniacha nimlaani mtu aliyekufa. Ukala chakula changu. Ukaniambia nianike nguo zako kwenye waya uliomuua."

Maalim Ugas alimaliza kazi yake kabla ya alasiri. Jini, alisema, lilikuwa limechoka na mama mzee. Lilimtoka kwa kupiga chafya. Maalim aliamuru waya ule ukatwe na kuzikwa, na alipoondoka alisimama getini, akamtazama Mursal kwa muda.

Kaaha alirudi kwa baba yake. Mzee Hamze alisafiri hadi Kitui na Gatwiri awe shahidi, akasimama mbele ya watu wale wale waliopokea ombi lake la msamaha, akalitengua mbele yao na kuwaambia jina la anayepaswa kuomba. Mwaka uliofuata ndege waharibifu walipovamia mashamba, helikopta nyingine ikaletwa, na wakulima walifunga nyaya zao wenyewe. Vitambaa vyekundu vilipepea toka Balambala kuteremka, na wote waliviita kwa jina la Gelle, hata wale waliocheka sokoni. Kaaha hakuwashukuru.

Alasiri moja alikuwa akianua nguo za baba yake. Kamba yao ilikuwa ya mkonge. Akasikia mtu akipiga hodi, akatoka. Mursal alikuwa amekonda. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba, na macho yake hayakutulia. Yalikuwa yakikagua juu, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Kaaha," alisema. "Nimehama nyumba tatu. Nililala porini ambako hakuna nguzo, na ua wa miba ukaniimbia. Mwambie Maalim anisomee. Wewe atakusikiliza. Niombee msamaha."

Juu ya kichwa cha Mursal, ambako nyaya za umeme zilikatiza barabara, kulikuwa kumeanza sauti nyembamba, ya chini, kama nzi ndani ya chupa. Hapakuwa na upepo. Harufu ya dawa na tope ikaanza kuteremka juu ya barabara, taratibu, ikimzunguka yeye peke yake.

"Kaaha. Unaisikia, sivyo? Niambie unaisikia."

Nyaya zikatamka neno. Lilikuwa swali lile lile, lakini safari hii halikumwita Gelle.

"Jibu," Kaaha alimwambia. "Umeulizwa."

Akafunga geti, akaenda kumalizia kuanua nguo za baba yake zisije zikashika harufu.